Kichanganuzi: uiachie Bison au uandike kwa mkono?

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, tuko watatu tunaounda sehemu ya mbele ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuelewe) ya kilugha kidogo cha kuandikia programu, chenye maneno "kama", "sivyo" na "rudia". Msimbo ni huria. Ubishi wetu mkubwa ulikuwa kichanganuzi, yaani sehemu inayosoma msimbo na kuona kama unafuata sarufi ya lugha.

Bison ni programu ya kuzalisha vichanganuzi: unaipa sarufi, yaani kanuni za lugha yako, yenyewe inakutolea msimbo wa C. Jioni moja tu ya baridi ya Juni, hesabu zetu zilikuwa zinasomeka. Tena inakuumbua mapema: ukiweka "kama" ndani ya "kama", kisha "sivyo" moja, inakuonya kuwa sarufi ina utata. Hiyo "sivyo" ni ya nani? Kwa mkono, hakuna wa kukuonya.

Ila kwenye makosa, hapo ndipo iliponichosha. Mtu kasahau nukta mkato mstari wa 14. Bison ikiachwa ilivyo inajibu "syntax error", basi. Ukiandika kwa mkono, kila kanuni ni fanksheni yake, hivyo unajua umefika wapi na unaweza kusema: "Mstari wa 14: weka ; baada ya bei = 500". GCC yenyewe, kompaila maarufu ya C na C++, iliiacha Bison: kwa C++ toleo la 3.4 mwaka 2004, kwa C toleo la 4.1 mwaka 2006. Clang, kompaila nyingine ya lugha hizo, nayo kichanganuzi chake kimeandikwa kwa mkono.

Mkono una mtego: kanuni inayoanza kwa kujiita yenyewe haimalizi kamwe. Yetu ilijiita mpaka programu ikaanguka.

Tumechagua mkono. Sarufi ya Bison tumeibakiza ya kukagulia utata tu.