Hali ya uokoaji ya Debian: inafufua GRUB vizuri, ila ina siri moja

Watu wengi wakishamaliza kusakinisha Debian, mfumo wa Linux, ile flashi huitupa kwenye droo au huifuta waweke picha. Mimi huwa nawazuia. Ndani ya flashi hiyo hiyo mna kitu ambacho wachache hukifungua, nacho ni hali ya uokoaji. Ukiwasha kompyuta kwa flashi, usichague kusakinisha; shuka hadi kwenye chaguo za ziada na utaikuta hapo, ya maandishi matupu na ya kutumia kipanya. Mimi naitumia kwa kazi moja tu, kufufua GRUB iliyogoma, yaani butiloda, programu inayowaka kwanza na kuuita mfumo, na ndiyo kazi ninayoipimia hapa. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nianze na sifa. Ukiingia, inakupitisha kwenye maswali yale yale ya usakinishaji: lugha, kibodi, mtandao. Mara ya kwanza moyo unadunda, maana skrini zinafanana kabisa na zile za kufuta diski. Tazama kona ya skrini: pameandikwa kwamba uko kwenye uokoaji. Haigusi chochote mpaka uiambie. Mwisho wa maswali inakuonyesha orodha ya patisheni, yaani vigawanyo vya diski, na kukuuliza mfumo wako uko wapi, halafu inakupa menyu fupi: kuingia kwenye skrini ya amri ndani ya mfumo wako, kusakinisha upya GRUB, kulazimisha GRUB ikae kwenye njia ya diski za kuchomoa, na kadhalika. Ile kazi ya kupandisha patisheni moja moja na kuunganisha /dev, /proc na /sys kabla ya kuandika chroot, amri ya kuingia ndani ya mfumo ulio kwenye diski, ambayo ukikosea hatua moja unaanza upya, hapa imeshafanywa.

Kinachoniudhi ni kwamba inauliza hata jina la kompyuta. Kompyuta ina jina tayari, limo kwenye diski unayotaka kuiokoa! Bonyeza kuendelea, usibishane nayo.

Sasa kisa chenyewe. Mwenzangu kazini aliniletea laptopu iliyokuja na Windows, akaongeza Debian pembeni. Usakinishaji ulikwenda vizuri hadi mwisho kabisa, kisha ikatokea skrini nyekundu ikisema grub-install imeshindwa na kwamba hilo ni kosa la kusimamisha kazi. Akachagua kuendelea bila butiloda, akawasha upya, Windows ikafunguka kana kwamba Debian haijawahi kukanyaga humo. Alikuwa ameshakata tamaa, anataka kufuta kila kitu.

Nikamuuliza swali moja: kabla ya ile skrini nyekundu, uliulizwa GRUB iwekwe kwenye diski ipi? Akasema ndiyo, na alichagua diski ya ndani. Basi, ugonjwa ukawa umejulikana. Kisakinishi cha Debian huuliza swali hilo kikiwa kimewashwa kwa mtindo wa BIOS wa zamani. Kikiwashwa kwa UEFI, mtindo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, hakiulizi, kwa sababu huko GRUB si kitu cha kubandikwa mwanzoni mwa diski. Ni faili la kawaida linalokaa kwenye patisheni ya FAT, na famwea ya kompyuta, ile programu iliyomo kwenye ubao wake, inakumbuka jina lake. Kwenye BIOS mambo ni tofauti kabisa. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, na zilizobaki kwa ajili ya msimbo wa kuwasha ni 446 tu. GRUB haienei humo. Inaweka kipande kidogo hapo, na mwili wake unahitaji pa kulala. Kwenye diski yenye jedwali la GPT, orodha ya patisheni ya mtindo mpya, pa kulala ni patisheni ndogo maalumu, megabaiti 1 inatosha, yenye alama ya bios_grub. Diski iliyokuja na Windows ya UEFI haina kitu hicho. Ndiyo maana grub-install iligoma, na kwa kweli ilifanya vyema kugoma.

Ilitokeaje akawasha kwa BIOS? Menyu ya kuchagua diski kwenye laptopu ile inaitaja flashi mara mbili, mstari mmoja una neno UEFI mbele yake na mwingine hauna. Alichukua wa juu. Nani asingechukua wa juu?

Nikawasha flashi kwa ule mstari wa UEFI, nikaingia uokoaji, nikachagua patisheni ya Debian. Kwa kawaida, mfumo ukiwa na /boot/efi yake kwenye fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupandishwa, hali ya uokoaji inakuuliza kama uipandishe pia, nawe unakubali. Hapa haikuuliza. Kukaa kimya huko kulithibitisha ninachoshuku: Debian ile iliamini kwamba imezaliwa kwenye BIOS, haina habari na UEFI. Kwa hiyo kubonyeza tu "sakinisha upya GRUB" kusingesaidia. Nikaingia kwenye skrini ya amri ndani ya mfumo wake.

Kwanza lsblk -f kuona patisheni ipi ni ya FAT, ile ndogo ambayo Windows imeweka faili zake za kuwasha. Haifutwi wala haiumbizwi upya, jamani. GRUB itakaa humo humo ubavuni mwa Windows, na haihitaji zaidi ya megabaiti chache. Nikatengeneza folda ya /boot/efi, nikaongeza kwenye /etc/fstab mstari wenye UUID (namba ya utambulisho) ya patisheni hiyo, aina yake vfat, nikapandisha kwa mount /boot/efi. Kisha apt install grub-efi-amd64 shim-signed. Hapo ndipo yale maswali ya mtandao yaliyonichosha mwanzoni yalilipa: intaneti ilikuwa tayari ipo, vifurushi vikashuka, grub-pc, ile GRUB ya BIOS, ikaondoka yenyewe kupisha mwenzake. Nikamalizia na grub-install, kisha update-grub. Amri ya efibootmgr ikaonyesha debian juu ya orodha ya famwea. Tukawasha upya, menyu ya GRUB hiyo hapo.

Na sasa ile nyota niliyoizuia. Kila kitu katika kisa hiki kinategemea kujua umeamka kwa mtindo gani, UEFI au BIOS, na hali ya uokoaji haikuambii. Menyu ya kwanza kabisa ya flashi ina kichwa cha maneno kinachotofautisha, lakini ni nani husoma kichwa cha menyu huku ana haraka? Ukishapita pale, hakuna tena dalili. Unaweza kupitia maswali yote, ukafika mwisho, ukasakinisha upya GRUB ya mtindo usiofaa, na chombo kinachoitwa cha uokoaji kikakuacha ulivyokuwa. Kona ile ile inayosema uko kwenye uokoaji ina nafasi ya kuongeza herufi nne. Kwa sasa dawa ni kuingia skrini ya amri na kuandika ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, uko kwenye UEFI. Isipokuwepo, zima, rudi kwenye menyu ya kuchagua diski, chukua mstari mwingine. Mimi nafanya hivyo kabla ya jambo lolote, hata pale ninapokuwa na hakika.

Ile chaguo ya njia ya diski za kuchomoa inastahili maneno mawili. Kuna kompyuta ambazo famwea yake ni sahaulifu: unaisajili GRUB leo, ukizima na kuwasha haioni kitu, au inajua njia ya Windows peke yake. Chaguo hii inaweka nakala ya butiloda kwenye EFI/BOOT kwa jina BOOTX64.EFI, mahali ambapo famwea hutazama inapokosa maelekezo mengine. Si njia safi, kwa kuwa mifumo miwili ikitaka jina hilo hilo mmoja utafuta wa mwenzake. Lakini kwa mashine kaidi ndiyo dawa, na sijaona kifaa kingine kinachoiweka wazi namna hii kwenye menyu.

Jambo ambalo chombo hiki hakitatui, na watu hulilaumu bure: GRUB imerudi, Debian inawaka, Windows haionekani kwenye menyu. Haijafutwa. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa chaguo-msingi, kwa sababu za usalama. Hariri /etc/default/grub, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hakikisha kifurushi cha os-prober kipo, halafu update-grub. Unaweza kufanya hivyo hapo hapo ndani ya uokoaji, ila mimi huona ni heri kuwasha mfumo wenyewe kwanza na kuifanya ukiwa umetulia.

Vipi washindani? Boot-Repair inapendwa na wanaoogopa skrini nyeusi. Kitufe kimoja kinamaliza. Tatizo langu nayo ni hicho kitufe kimoja. Inafanya mengi kwa mpigo, na ikishindwa, utapata taabu kujua ilibadilisha nini. Nzuri yake ni ile ripoti inayoandika kuhusu diski na patisheni zako, ambayo ukimtumia mtu anayejua itampa picha yote. Super GRUB2 Disk ni habari nyingine kabisa: haitengenezi chochote, inatafuta mfumo wako na kuuwasha ulivyo, kisha wewe mwenyewe ukiwa ndani unaendesha grub-install. Kama kilichoharibika ni butiloda peke yake na mfumo ni mzima, hiyo ni njia ya mkato, na siku nyingine naichukua hiyo.

Na ukikutana na skrini nyeusi yenye maneno grub rescue>, usikimbilie flashi kwanza. GRUB iko hai, ila imepoteza folda yake, mara nyingi kwa sababu mtu amefuta au amepanga upya patisheni. Andika ls, itakutajia patisheni kwa mtindo wa (hd0,gpt2). Zichungulie moja moja, mfano ls (hd0,gpt2)/boot/grub, mpaka upate iliyo na faili zake. Kisha set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, halafu insmod normal, halafu normal. Menyu ikirudi, washa mfumo na uendeshe grub-install na update-grub ukiwa ndani, la sivyo ukizima utarudi pale pale.

Kwa wenye mifumo ya ukoo wa Debian, kama Ubuntu na Mint, ile skrini ya amri ndani ya mfumo inafaa vile vile, kwa kuwa amri ni zile zile. Wa Fedora msijisumbue nayo: kwenu amri ni grub2-install, na kwenye UEFI hata hiyo haifai kutumiwa, kinachotakiwa ni kusakinisha upya vifurushi vya grub2 na shim kwa dnf, kwa hiyo chukueni flashi yenu wenyewe.