Blow by Blow ya Jeff Beck: hapa gitaa ndo muimbaji

Kuna watu ukiwaambia albamu haina muimbaji wanakuuliza sasa inasikilizwaje, na mi huwa nawajibu anza na Blow by Blow ya mpiga gitaa wa Uingereza Jeff Beck ya mwaka 1975 alafu uniambie ni wapi ulimkosa huyo muimbaji. Ngoma 9, dakika kama 44 hivi, ala tupu, na mpaka leo kwangu ndo albamu ya kwanza kumpa mtu anayetaka kujua jazi ikikutana na roki inakuaje, kabla hajaenda kwa wale wanaokimbia na gitaa mwanzo mwisho bila kupumua.

Beck hapa anaimba. Sisemi hivyo kumpamba, we nenda moja kwa moja kwenye Cause We've Ended as Lovers usikilize. Hii ngoma aliitunga Stevie Wonder na muimbaji Syreeta akaiimba kwenye albamu yake ya 1974, kwahiyo ilikua na maneno yake kabisa, sasa Beck kayaacha maneno yote kabaki na melodi tu. Pale mwanzoni sauti ya gitaa inaingia bila kusikia piki (kile kiplastiki cha kupigia gitaa) ikigusa waya, kwasababu anapiga nota wakati kitufe cha sauti kiko chini alafu anakifungua taratibu, inakua kama mtu anavuta pumzi kabla hajaongea. Baadae anavuta waya, na havuti moja kwa moja mpaka juu, anaikaribia nota, anasita, ndo anamalizia, na huko kusita ndo kunakokukamata. Kwenye maelezo ya albamu kaitoa kwa heshima ya Roy Buchanan, mpiga gitaa wa Marekani, na kama umeshamsikia Buchanan na ule mtindo wake wa kuchezea kitufe cha sauti utaelewa mara moja kwanini. Halafu kitu kingine, kwenye kava Beck kachorwa ameshika gitaa aina ya Les Paul, ila hii ngoma kapiga na gitaa aina ya Telecaster ambayo fundi Seymour Duncan aliifungia pikapu (vinasa sauti ya waya) za kampuni ya Gibson, ndo maana unasikia ule ukali wa Telecaster lakini sauti ni nene, haikati masikio hata akipanda juu kabisa kule karibu na mwisho.

Ngoma ni kama dakika 6 na hamna sehemu hata moja anayojionesha. Hapo ndo wapiga gitaa wengi wa jazi-roki wanapofeli jamani, kasi wanayo, mazoezi wanayo, ila hawajui kunyamaza.

Na bendi nayo imetulia sana. Max Middleton kwenye kinanda, Phil Chen kwenye besi, Richard Bailey kwenye drams, watu wanne basi. Middleton ndo roho ya hii albamu kwa mtazamo wangu, anapiga piano ya umeme kwa kuweka kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) chache chache pembeni ya gitaa, hagombanii nafasi, na Freeway Jam ambayo wengi wanaijua kama ngoma ya Beck ni yeye kaiandika. Isikilize hiyo kama unajifunza gitaa: biti inatembea tu, Beck anasema sentensi fupi, anaacha, anasema nyingine, anaacha, mpaka unajikuta we ndo unamalizia kichwani.

Scatterbrain ndo ya wale wanaotaka moto. Ngoma iliyo kabla yake, Air Blower, inaisha ikiingia humohumo ndani ya Scatterbrain kwahiyo hata hujui ngoma imebadilika saa ngapi, mara rifu (kipande kifupi cha melodi kinachojirudia) linaanza kuzunguka kwa hesabu ya tisa, ukijaribu kupiga makofi nne nne unapotea, na Bailey yuko chini anaisukuma bila kutoa jasho, alafu juu yake zinakuja violini. Hizo violini ni kazi ya prodyuza George Martin, ndio, yule yule wa Beatles, na nadhani yeye ndo kaiokoa hii albamu isiwe jam ya wanamuziki wanaofurahishana wenyewe. Kila ngoma ina mwanzo, ina katikati, ina mahali inapoelekea.

Sio kila kitu nakipenda. She's a Woman ni ya Beatles, wameipiga kirege hivi na Beck anatumia kile kifaa chenye mpira unaoingia mdomoni ili gitaa litoe sauti kama linatamka maneno, na kwangu hapo ndo linaimba kidogo kuliko sehemu zote, maana kwa vidole peke yake anasema zaidi. Constipated Duck ni fanki ya kupita tu. Diamond Dust ya mwisho ni nzuri ila ina zaidi ya dakika 8 na violini zimekua nyingi mno, gitaa linazama, na hapa nadhani Martin alipaswa kupunguza. Thelonius nayo katunga Stevie Wonder, hiyo ina biti nzito ya fanki, ipigie sauti kubwa.

Ilifika namba 4 kwenye chati za Billboard kule Marekani, na kwa albamu isiyo na neno lililoimbwa hilo ni jambo kubwa kwelikweli, ina maana waliinunua hata watu ambao hawajui kodi moja ya gitaa.

Ushauri wangu, usiisikilize kwenye spika ya simu. Besi ya Phil Chen inapotea yote na ukiikosa besi hizi ngoma za fanki zinabaki mifupa. Vaa hedifoni, anza na Cause We've Ended as Lovers, nenda Freeway Jam, alafu ndo urudi uisikilize yote kwa mpangilio wake toka You Know What I Mean. Ukiimaliza kuna Wired ya 1976, huko anaingia mpiga kinanda Jan Hammer na sintesaiza na mambo yanakua makali zaidi, wapo wanaoipenda kuliko hii. Mi hapana, Wired inanishangaza ila hii ndo narudia.