Baba yangu alikuwa kedi, wakampitisha mlango wa nyuma

Nilijiambia nikae nalo kwanza, litapoa. Wiki zimepita, halijapoa, kwa hiyo naandika.

Kuna klabu ya gofu ya watu binafsi hapa Dodoma, jina naliacha. Walitangaza matembezi ya historia: unalipa kiingilio, unazungushwa uwanjani, unaonyeshwa picha za zamani, unapata chai. Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni baba. Akiwa mtoto aliishi mjini kwa mjomba wake na alikuwa kedi, yaani alibeba mabegi ya fimbo za gofu za Wazungu, miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru. Nikalipia watu wawili kwa simu, nikamfuata huko Mvumi. Alivaa koti lake la kanisani na makubazi, maana miguu inamvimba, kiatu hakiingii.

Mapokezi tulimkuta kijana. Baba kwa furaha yake akamwambia, "Mwanangu, na mimi nilikuwa kedi." Yule kijana akamwangalia miguuni. Shikamoo hakutoa. Akasema, "Kedi wanapita mlango wa nyuma, mzee."

Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akausoma wote, akanirudishia simu, akasema mavazi nayo yana utaratibu wake. Nyuma yetu watu wamesimama wanasikiliza. Mimi nilitaka kuongea, baba akanishika mkono: "Twende tu huko, ndiko nilikozoea." Tukazunguka, tukapita jikoni, tukapita mapipa ya taka. Mzee wa karibu miaka themanini, kiingilio kimelipwa.

Matembezi yenyewe sitasema yalikuwa mabaya. Mwongozo anajua kuongea. Alitueleza habari za Uskoti, kwamba St Andrews mwaka 1764 walipunguza mashimo ya kuingizia mpira kwa mzunguko mmoja kutoka 22 hadi 18, na ndiyo sababu dunia nzima leo inahesabu 18. Sikuyajua hayo, nilifurahi kuyasikia. Ila kwenye maelezo yao ya ukutani wameandika kwamba hapa, tangu enzi za Mwingereza, shimo lilizungukwa na nyasi za kijani. Baba akatikisa kichwa. "Nyasi? Za maji gani?"

Na kweli, za maji gani? Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kama milimita 570, inaanza Desemba, Aprili imekwisha, halafu ni upepo na vumbi. Mpaka leo mji unategemea visima vya Mzakwe. Sehemu kavu kama hizi Waingereza walizungushia shimo mchanga uliochanganywa na oili, ili upepo usiupeperushe na mpira ubingirike vizuri. Baba alichora duara vumbini kwa mkongojo wake akaonyesha kazi yao makedi: unaanza shimoni, unaburuta gunia huku unazunguka, duara linapanuka mpaka unatoka nje, na unyayo wako usibaki hata mmoja. Kundi likimaliza, unarudia. Ndani ya shimo walichimbia kopo la maziwa. Alisema ile harufu ya oili chafu haikutoka mikononi hata kwa majivu.

Mwongozo alisema "sawa mzee" akaendelea na kundi lake. Aliyebaki ni fundi wa nyasi, mtu mzima mwenye gambuti, aliyekuwa akifunga bomba pale karibu. Aliacha bomba. Alimwamkia baba kwa heshima zote, kisha akatuambia walipokuwa wakichimba mtaro wa maji upande wa chini walikuta tabaka la mchanga mweusi, mgumu, unanuka kama gereji, na hakuna aliyejua umetoka wapi. Akampeleka baba mpaka pale. Baba akainama, akaufikicha mchanga kwa vidole, akanusa. Wakaongea saa nzima, nusu Kigogo, nusu Kiswahili. Fundi akaleta gunia, baba akaburuta raundi mbili taratibu, mimi nimesimama nalia. Kwa saa ile moja ningewapa nyota zote tano na kuwaambieni nendeni, pelekeni wazee wenu.

Lakini ikafika chai. Chai inanywewa barazani, na barazani makubazi hayaruhusiwi. Wageni wamekaa kwenye viti, wanasimuliana ya Uskoti ya mwaka 1764, na aliyeusawazisha mchanga wa Dodoma kwa mikono yake amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na stoo ya mashine. Fundi ndiye aliyemletea chai, kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilipoliona lile nilisahau hata uzuri wa kule chini. Watu wanaouza historia wanamwambia historia yenyewe ipite nyuma! Nilirudi mapokezi, kijana hayupo, kuna binti anasema meneja yuko kikaoni. Nikaacha namba. Hakuna aliyepiga.

Msiende. Au mkienda, ulizieni fundi wa nyasi, mengine yote muyapite. Hapana, msiende kabisa mpaka wamwombe mzee wangu radhi kwa mdomo, mbele ya watu, kama walivyomwaibisha mbele ya watu. Na kiingilio cha baba nakidai, wakirudishe chote. Changu wabaki nacho, ila wampe yule fundi.