TAHADHARI: Ukiuziwa "nusu ng'ombe", uliza kwanza kilo ya nini

Jamani, tumepigwa. Kaya nne tulichangishana tukanunua nusu ng'ombe kwa mtu aliyejitangaza kuwa mfugaji, na tulipomaliza kugawana tukakuta kila kilo imetugharimu zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya bucha. Jina lake silitaji, maana hata hilo alilotupa sidhani kama ni lake. Ninachotaka mkijue ni namna alivyotupiga. Mchezo wenyewe ni wa hesabu, na mwingine kidogo wa giza la usiku.

Tangazo lilikuwa na picha ya maksai mwekundu, amenona, pembe ya kushoto imevunjika nchani, kasimama kwenye majani mabichi. Chini yake: nyama safi kutoka shambani, hakuna dalali, maksai wa kilo 400, chukua mzima, nusu au robo. Bei ya kilo ilikuwa chini ya ile ya bucha kwa theluthi nzima. Wifi yangu ndiye aliyeliona kwanza, akanitumia. Mimi nikampelekea mama mdogo, naye akamwambia jirani yake. Tukapiga hesabu za haraka haraka: nusu ya 400 ni 200, tuko kaya nne, kila mmoja anaondoka na kilo 50. Hakuna aliyesita. Tuliingizwa mjini hapo hapo, na kwa kweli tulijiingiza wenyewe.

Ng'ombe wa kilo 400 hana kilo 400 za nyama, wala hana 300. Akichinjwa inatoka damu, ngozi, kichwa, kwato, utumbo, na tumbo lililojaa majani aliyokula jana yake. Kinachobaki kikining'inia kwenye ndoano ni nusu ya uzito ule au zaidi kidogo. Kwa maksai aliyenona unaweza kupata asilimia 55, hata 60. Tuchukue 55: ni kilo 220, nusu yake 110. Na ndani ya hizo 110 bado kuna mifupa, mafuta ya kupunguzwa na mishipa ya kutupwa. Ikishakatwakatwa na mifupa mikubwa ikatolewa, kinachoingia kwenye friza ni kama theluthi mbili, yaani kilo 70 na kitu. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ana kilo za aina tatu: za akiwa hai, za akining'inia, na za ndani ya mfuko. Anayekutajia bei ya kilo bila kusema ni zipi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sisi tulilipia kilo 200. Uzito hai, kwa bei tuliyoisoma kama bei ya nyama! Nilipokuja kumuuliza alinijibu bila haya: "Dada, kwani nilikuambia ni kilo za nyama? Nilikuambia maksai wa kilo 400." Nikarudi kwenye ujumbe wake wote, mmoja baada ya mwingine. Kweli, hakuna mahali alipoandika neno "nyama" karibu na neno "kilo". Mtu hawi mwangalifu namna hiyo kwa bahati mbaya.

Wapo wafugaji waaminifu wanaouza kwa uzito hai, na hao sina ugomvi nao. Wanakuambia mapema, bei yao inakuwa ya chini sana kwa sababu wanajua nusu ya uzito huo hutaiona, na wanakuacha usimame kando ya mzani ng'ombe anapopandishwa. Wengine wanauza kwa uzito wa kwenye ndoano, nao hukuambia kama ni kabla ya kupoa au baada, maana nyama ikipoa inapoteza maji, na ikiachwa ining'inie wiki mbili ili ilainike inapoteza zaidi. Kilo kadhaa zinaondoka bila mtu kuiba.

Ndiyo maana nilipotulia nilijilazimisha kuwa wa haki. Nikasema, haya, tumejidanganya kwenye hesabu, lakini je, kilo zetu 70 zipo?

Mzigo uliletwa saa nne usiku. Alikuwa ameahidi mchana. Maboksi manne yamefungwa gundi ya karatasi pande zote, kijana wa gari haulizwi kitu, injini inanguruma, "Mama, nina wateja wengine watatu wananisubiri." Tulikuwa tumeshalipa nusu mwanzo na nusu iliyobaki ilitakiwa maboksi yakiwa bado juu ya gari. Wifi akasema tufungue moja. Kijana akafungua lile la juu: nyama nzuri, nyekundu, imepangwa. Tukalipa. Boksi la juu sasa najua ndilo la kuonyeshwa.

Asubuhi sikuwa na mzani mkubwa, nikatumia ule wa kujipimia mwili. Nikapanda peke yangu, nikapanda na boksi, nikatoa. Boksi la kwanza 14. La pili 13. La tatu 13. La nne 12. Jumla 52. Nikarudia nikiwa nimevua viatu, kana kwamba viatu vingeleta kilo 20. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni na karatasi yake anaandika, akaiweka kalamu chini, akasema, "Basi mwanangu, usijichoshe."

Sikukoma. Nikaanza kuhesabu viungo, na hili ndilo naomba mlishike, maana mzani unaweza kubishiwa lakini mwili wa ng'ombe haubishiwi. Ng'ombe ana mbavu 13 kila upande. Ukinunua nusu, mbavu ni 13. Miundi, ile miguu ya chini ya goti, ni miwili: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Figo ni moja. Fileti ni moja, ule mnofu mrefu laini unaolala chini ya uti wa mgongo kwa ndani. Nusu yetu ilikuwa na mbavu 19, miundi minne, na fileti hakuna. Paja la nyuma nililitafuta mpaka chini ya maboksi, nikaambulia vipande viwili vyenye uzito wa kilo tano kwa pamoja, wakati paja la maksai wa kiasi kile ni mzigo wa kumwinamisha mtu. Kilichojaa ni mbavu, shingo na kidari. Kwa ufupi, hatukuuziwa nusu ya ng'ombe yeyote. Tuliuziwa mabaki ya wawili au watatu, sehemu nzuri zikiwa zimeshakwenda kwa mteja mwingine.

Halafu nyama ya kusaga. Mifuko sita ya kilo mbili mbili, imegandishwa, ndani ya plastiki kuna barafu nyeupe kama ya kukwaruza. Nikachukua mmoja nikauweka kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya jokofu, usiku kucha. Asubuhi bakuli lina maji ya rangi ya waridi, glasi moja na nusu. Nyama iliyobaki ilikuwa kilo moja na gramu 660. Nyama yoyote iliyoganda hutoa maji ikiyeyuka, hilo nalijua, na yale maji mekundu si damu, ni maji ya nyama yenyewe. Lakini huwa ni kidogo. Gramu 340 kwenye kilo mbili ni maji yaliyotiwa, au ni nyama iliyoyeyuka ikagandishwa tena, au yote mawili. Barafu kubwa kubwa ndani ya mfuko na mfuko uliokunjamana kwa umbo la ajabu ni dalili ya hiyo ya pili.

Mhuri wa mkaguzi sikuuona popote. Hapa ndipo hasira yangu ilipogeuka kuwa hofu, nawaambia ukweli. Mkaguzi humwangalia mnyama akiwa hai, halafu anapasua mapafu, ini, moyo, misuli ya taya, anatafuta kifua kikuu, anatafuta vifuko vya tegu. Akiridhika anapiga mhuri kwenye mzoga. Ikishakatwa na kusagwa, mhuri hauonekani tena, na hapo hujui kama ulichonunua kilichinjwa kikiwa kizima au ni kibudu kilichookotwa zizini asubuhi. Ng'ombe aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na kimeta hakiui ng'ombe peke yake. Jirani wa mama mdogo aliirudisha sehemu yake yote, akasema hela imekwenda na iende, watoto wake hawali kitu asichojua kimetoka wapi. Sikumlaumu. Sisi wengine tukaichemsha kwa muda mrefu kuliko kawaida na tukaila tukiwa kimya.

Muuzaji nilimpigia siku tatu. Siku ya kwanza alikuwa mpole kabisa: nyama hupungua dada, muulize mchinjaji yeyote. Siku ya pili mzani wangu ni mbovu. Nilipomtajia mbavu 19 alinyamaza, nikasikia anahema, kisha akasema labda vijana walichanganya mizigo, atatuma gari. Siku ya tatu namba haipatikani, na picha yake kwenye simu yangu imetoweka. Amenifungia. Nimepeleka malalamiko polisi na kwa wakaguzi wa nyama nikiwa na ujumbe wote, picha za maboksi juu ya mzani na risiti ya kutuma hela. Mpaka leo hela haijarudi.

Wakati nasimulia haya nikagundua shemeji yangu alishapigwa kwa mtindo mwingine akaona aibu kusema. Wa kwake hata ng'ombe hakuwepo. Alitoa hela ya kushika nafasi, kesho yake akaambiwa kuna hela ya mkaguzi, kesho kutwa gari limeharibikia njiani, tuma ya fundi itakatwa kwenye deni. Alituma mara nne. Kila mara kiasi kidogo, kwa hiyo kila mara aliona afadhali atume kuliko kupoteza aliyokwisha kutoa. Siku hizi akitaka kununua anaomba apigiwe simu ya video muuzaji akiwa kando ya mnyama, na amshike sikio. Watu wanamcheka. Mimi simcheki.

Upo na mtego wa tatu ambao haukunipata ila mchinjaji mmoja mzee alinieleza: unaitwa kwa bei ya chini, ukifika unaonyeshwa mzoga mzee, mafuta matupu, na muuzaji mwenyewe ndiye anauponda, "huu mama utatupa nusu yake," kisha anakuvuta kwenye ule mwingine wa bei ya juu. Ule wa kwanza haukuwekwa pale uuzwe.

Mzee huyo huyo alinizuia pia nisianze kumwona kila mtu mwizi. Nyama iliyofungwa bila hewa huwa ya zambarau iliyofifia, ukiifungua na kuiacha nusu saa inarudi nyekundu, haijaoza. Mafuta ya njano si lazima yawe ya ng'ombe mzee, mara nyingi ni ng'ombe aliyeshiba majani mabichi. Nyama nyeusi inayonata mkononi inaweza kutoka kwa mnyama aliyechoshwa na safari au vurugu kabla ya kuchinjwa, na hiyo huharibika upesi, kwa hiyo ikatae. Na alinishangaza kwa jambo moja: ukilipia uzito wa kwenye ndoano, mifupa na mafuta ni vyako, umeshavinunua. Vidai. Yeye anasema muuzaji anayekasirika ukidai mifupa yako ndiye wa kuhesabiwa mbavu.

Nikinunua tena, na huenda nitanunua, maana wazo lenyewe si baya, nataka iandikwe kilo ya nini, na ada ya kuchinja, kukata na kufunga iko ndani au nje. Nataka niuone mzoga ukiwa na mhuri kabla kisu hakijapita, mchana, nikiwa na mzani wangu wa kuning'iniza. Malipo ya mwanzo yawe madogo kiasi kwamba yakipotea nitalala usingizi. Mengine baada ya boksi la mwisho kufunguliwa, sio la kwanza. Na friza nitaipima kabla: kilo 70 zinataka kama lita 150 za nafasi, na kuzijaza zote mbichi kwa mkupuo kunaifanya igandishe polepole. Tulipoletewa mzigo saa nne usiku tulikuwa tunahangaika na friza, na yeye alijua kwamba mtu anayehangaika na friza hahesabu mbavu.

Juzi wifi amenitumia tangazo. Muuzaji jina jingine, namba nyingine, bei imeshuka tena kidogo. Nusu tatu zimebaki, wahi. Picha ni ya maksai mwekundu kwenye majani mabichi, pembe ya kushoto imevunjika nchani.