Maji ya kuoshea madirisha: mtungi wa resini au osmosisi ndani ya gari?

Madoa meupe yanayobaki kwenye kioo ni madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya bomba. Maji yakikauka, madini hayo hayaondoki. Kwa hiyo kipimo cha TDS (kiasi cha madini yaliyoyeyuka kwenye maji) kisome sifuri. Ikifika 10 hivi, jiandae kurudi kufuta kwa kitambaa.

Mtungi wa resini (chembe ndogo za plastiki zinazonasa madini) ni bei nafuu kuanza nao. Unaunganisha mpira, maji yanatoka safi upande wa pili, hakuna tone linalomwagwa. Kasheshe ni resini yenyewe. Maji ya TDS 50 yanaichosha polepole. Ya 300 yanaimaliza mara sita upesi zaidi, na ikishachoka hunuka shombo la samaki. Pua ikikuambia, umeshachelewa.

Osmosisi (hapa ni ile ya kinyume, reverse osmosis) husukuma maji kwa presha kupitia utando unaozuia zaidi ya 90% ya madini, kisha resini inamalizia kidogo kilichobaki. Gharama ya kununua inauma, inajaza tangi taratibu (acha ijaze usiku), tena sehemu kubwa ya maji inakwenda mferejini. Utando nao hautaki kukauka.

Mimi, chini ya TDS 100 nachukua resini. Zaidi ya hapo, osmosisi, bila kujiuliza mara mbili.

Uzito ndio wengi wanausahau. Lita 400 ni kilo 400, tangi bado. Angalia gari linaruhusiwa kubeba kiasi gani, na tangi lifungwe kwa bolti kwenye fremu. Mikanda ya mizigo haitalishika ukipiga breki ya ghafla.