Kununua Mchezo wa Otome: Mtazame Msichana Kabla ya Wanaume

Karibu kila jalada la mchezo wa otome, yaani mchezo wa video wa mapenzi ambao mchezaji huwa msichana anayechagua kati ya wanaume, limepangwa kwa mtindo uleule: wanaume watano au sita, nywele zao za rangi ambazo hakuna kinyozi angezithubutu, wamejipanga mbele, na msichana, kama yupo, amebanwa katikati yao kama mtu aliyevutwa kwenye picha ya harusi isiyomhusu. Mnunuzi wa mara ya kwanza humchagua mwanaume aliyempendeza sura, akalipa, kisha baada ya saa kumi akagundua kwamba mtu anayekaa naye muda wote ni yule msichana, kwa kuwa kila jambo huonekana kwa macho yake na kila jibu hutoka kinywani mwake. Akiwa msichana wa kulia na kungoja kuokolewa, hakuna uzuri wa mwanaume utakaokufidia fedha zako. Kwa sababu hiyo nimeipanga michezo ifuatayo kwa kipimo kimoja kikuu, yaani msichana wake ana kazi gani na anaifanya vipi. Picha na sauti nimeziweka nyuma, maana katika fani hii picha mbaya ni adimu.

Neno otome ni la Kijapani na maana yake ni mwanamwali. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii ni Angelique, uliotolewa na kampuni ya Koei mwaka 1994 kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo, na uliotengenezwa na kikosi cha wanawake kiitwacho Ruby Party wakati ambapo michezo ya video ilidhaniwa kuwa mali ya wavulana. Michezo mingi ya leo imeacha hesabu na mikakati ya Angelique, ikabaki kuwa hadithi ndefu yenye picha na sauti, ambapo mchezaji husoma, na mara kwa mara huulizwa afanye nini au aseme nini. Majibu yake humpeleka kwenye njia ya mwanaume fulani, na kila njia ina mwisho mwema na mwisho mbaya, wakati mwingine mibaya kadhaa. Kumaliza njia zote kwa kawaida huchukua saa ishirini hadi arobaini, ingawa ukishasoma sehemu iliyo sawa kwa wote unaweza kuiruka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Anayechoshwa na kusoma asinunue kabisa. Kiswahili hutakikuta, maandishi ya michezo ninayoipendekeza hapa yanapatikana kwa Kiingereza, na sauti, pale zilipo, kwa kawaida zimeachwa za Kijapani.

Kabla ya kuchagua hadithi, angalia kifaa ulicho nacho. Michezo mingi mizuri ya otome iliyotafsiriwa miaka ya karibuni imetolewa kwa Nintendo Switch, kifaa cha michezo cha kubebeka, na bei yake inapotoka huwa karibu dola 50, kiasi ambacho si cha mzaha. Mwenye kompyuta, hata ya kawaida, anaweza kutumia duka la mtandaoni la Steam, ambako chaguo ni dogo lakini bei ni nafuu zaidi na hushuka sana katika mapunguzo ya kiangazi na ya mwisho wa mwaka. Ukiwa Kenya, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inaweza kukufaa kwa malipo ya namna hii. Kwenye Switch wengi wetu hufungua akaunti ya nchi nyingine na kuijaza kwa kadi za malipo; hapo kumbuka kwamba kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo namba zake zitakataliwa na fedha zako zitakuwa zimekwama. Faida moja isiyosemwa mara nyingi ni kwamba mchezo wa hadithi ukishapakuliwa hauhitaji intaneti, kwa hiyo hauli bando.

Nafasi ya kwanza naipa Collar × Malice bila kusita. Ulitoka Japani mwaka 2016 kwa PlayStation Vita, kifaa cha mkononi cha Sony, ukatafsiriwa mwaka uliofuata, na mwaka 2020 ukaletwa kwenye Switch. Hadithi iko Tokyo, katika eneo la Shinjuku, ambalo limetengwa na sehemu nyingine za jiji baada ya mauaji ya mfululizo yanayofanywa na kundi linalojiita Adonis, huku wakazi wake wakiruhusiwa kumiliki bastola. Msichana wake, Ichika Hoshino, ni askari polisi kijana. Usiku mmoja anavamiwa na kufungwa shingoni kola yenye sumu, na kuanzia hapo uhai wake unategemea kutatua kesi ambazo wakubwa wake wameshindwa kuzitatua, akishirikiana na wapelelezi waliotoka polisi na ambao hana uhakika kama awaamini.

Kinachoupandisha mchezo huu juu ya mingine ni kwamba mapenzi yanakuja yakiwa ndani ya kazi. Kila mwanaume amefungamana na kesi yake, nawe unamfahamu kwa kupekua ushahidi pamoja naye na kubishana kuhusu nani ana haki ya kuadhibu, kabla hamjafika kwenye mambo ya kushikana mikono. Takeru Sasazuka, mtaalamu wa kompyuta anayeishi kwa donati na anayemwita msichana paka mjinga, alinikera kwa muda mrefu, hadi nilipofika kwenye sababu ya chuki yake dhidi ya bastola na kulazimika kuweka kifaa mezani kwa muda. Nyumbani nako Ichika ana mdogo wake, Kazuki, ambaye hawaelewani. Ugomvi wao wa kawaida, wa mlango kufungwa kwa nguvu na maneno yaliyobaki kooni, unamfanya awe dada wa mtu na si mapambo ya hadithi. Zipo pia nafasi ambapo mchezo unakutaka ulenge bastola na kuamua papo hapo kufyatua au kuacha, na uamuzi wa pupa humaliza hadithi vibaya. Njia ya Aiji Yanagi imefungwa mpaka umalize nyingine nne. Mimi ningeanza na Mineo Enomoto, anayebabaika mbele ya wanawake, na ningemwacha Kageyuki Shiraishi awe wa mwisho kabla ya Yanagi, maana njia yake inafichua mengi mno. Mchezo huu si wa watoto. Kuna mauaji ya kikatili na baadhi ya miisho yake hukaa kichwani.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, au kwa mzazi anayetaka kumnunulia binti yake, nafasi ya pili ndiyo ya kwanza: Code: Realize, uliotoka Japani mwaka 2014. Uko katika London ya kubuni iliyojaa mashine za mvuke, na msichana wake, Cardia, ana ngozi yenye sumu inayoyeyusha kila inachokigusa. Fikiria hadithi ya mapenzi ambayo kushikana mkono tu ni hatari ya kifo, na utaelewa kwa nini hata tukio dogo la glavu linakuwa zito. Wanaume wake wameazimwa kutoka hadithi za zamani za Ulaya, akiwemo mwizi mwungwana Arsène Lupin na daktari Van Helsing, lakini si lazima uwafahamu. Mwanzoni Cardia amepooza kwa upweke, akiamini kwamba yeye ni kiumbe wa kutisha asiyestahili kupenda, na hilo lilinitia wasiwasi; kisha wenzake wanaanza kumfundisha kufungua kufuli na kujilinda, naye anageuka mbele ya macho yako kuwa mtu anayeamua. Mwenye PlayStation 4 atafute toleo la Bouquet of Rainbows la mwaka 2018, kwa sababu limekusanya mchezo wa kwanza na mwendelezo wake pamoja, na kwa hesabu ya fedha hakuna ununuzi bora kuliko huo katika orodha yangu.

Wa tatu ni Cupid Parasite wa Switch, uliofika kwa Kiingereza mwaka 2021, na ndio pekee kati ya hii ulionifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Lynette Mirror ni Cupid mwenyewe, aliyeshuka duniani na kuajiriwa katika kampuni ya kutafutia watu wachumba. Kwa lugha yetu, ni mshenga mwenye mshahara. Anakabidhiwa wateja watano walioshindikana, kila mmoja na kasoro yake ya ajabu katika mambo ya mapenzi, na kazi yake ni kuwaozesha kwa wengine. Msomaji aliyewahi kutumwa kupeleka posa ataona mara moja utani uliomo humo. Mchezo ni wa rangi kali na vituko vingi, na kati ya mizaha hiyo Lynette anabaki kuwa mtaalamu anayejivunia kazi yake. Nimeuweka wa tatu kwa sababu tu mizaha yake mingine inarudiwa kupita kiasi.

Hakuoki wengi watashangaa kuuona wa nne, kwa kuwa ndio mchezo uliowaingiza wengi wetu katika fani hii. Ulianza Japani mwaka 2008, na kwa historia hauna mpinzani: unasimulia kikosi cha Shinsengumi, wapiganaji wa panga waliolinda utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, mjini Kyoto kuanzia 1863, na unawafuata hadi vita vya 1868 na kifo cha Hijikata Toshizo huko Hakodate mwaka 1869, ukichanganya humo dawa ya siri inayowageuza watu kuwa wanywa damu. Anayejua historia hiyo anasoma akijua nani hatarudi, na uchungu wake ni mara mbili. Tatizo ni Chizuru, anayejivika mavazi ya kiume kumtafuta baba yake daktari, halafu anatumia sehemu kubwa ya hadithi akimimina chai na kuomba radhi, ilhali upanga anao kiunoni. Wapo watakaonijibu kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa. Nami nasema zama zile hizo zilikuwa na wanawake waliopigana. Jambo la fedha ni hili: kwenye Steam hadithi imegawanywa katika michezo miwili, Kyoto Winds na Edo Blossoms, na wa kwanza unakatika katikati kama kanga iliyochanwa kabla ya kufika kwenye jina. Kwa hiyo hesabu bei ya yote miwili, au kama una Switch nunua toleo la mwaka 2024 lililoziunganisha nusu hizo.

Amnesia: Memories uko Steam tangu 2015 na ni wa bei ya wastani, lakini kwa kipimo changu unashika mkia. Msichana amepoteza kumbukumbu na karibu hasemi neno. Jini mdogo aitwaye Orion ndiye anayemsemea na kumfikiria. Wazo la kuwa kila mwanaume ana ulimwengu wake, uliopewa alama ya karata, ni zuri. Njia ya Toma, hata hivyo, ina mwanaume anayemfungia mpenzi wake katika kizimba kwa madai ya kumlinda, na wapo mashabiki wanaoliita hilo mahaba. Mimi siliiti hivyo. Piofiore, wenye mafia wa Italia wa mwaka 1925, una ukatili mkubwa zaidi, ila angalau wenyewe hauufichi. Uache mpaka uwe umezoea.

Kuhusu michezo ya simu nitasema kidogo. Inapakuliwa bure, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa sura au picha bora hulipiwa vipande vipande. Mystic Messenger, uliotoka mwaka 2016 na ambao kwa kweli ni wa Korea, una ubunifu wa kipekee: kwa siku kumi na moja unapokea jumbe kwa saa halisi, nyingine usiku wa manane, na ukikosa mazungumzo unalipia kuyafungua. Mwenye kazi ya asubuhi afikirie mara mbili.

Yapo makosa mawili yanayokula fedha. La kwanza lilinipata mwenyewe, nilipoagiza kadi ya mchezo iliyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha ya jalada ikaonekana safi, na ilipofika baada ya wiki tano nikaiwasha nikakuta Kijapani kitupu. Kadi za michezo ya Switch kwa kawaida zinasoma kwenye kifaa cha nchi nyingine, lakini hilo halina maana kwamba lugha zote zimo ndani. Uliza lugha kwa maandishi kabla ya kutuma fedha. Kwa sababu hiyohiyo Tokimeki Memorial Girl's Side 4 wa mwaka 2021, unaosifiwa sana, haumfai asiyesoma Kijapani. Kosa la pili ni kununua mwendelezo ukidhani ni mchezo kamili. Collar × Malice Unlimited na Code: Realize Future Blessings zimeandikwa kwa ajili ya waliomaliza hadithi za awali, na ukurasa wa kwanza tu unaweza kukufichulia muuaji.

Asiyetaka kuhatarisha dola 50 na ajaribu Hatoful Boyfriend, ulioingia Steam mwaka 2014 kwa bei ya karibu dola 10. Ni shule ya ndege. Wachumba ni ndege, wengi wao njiwa, picha zao ni za ndege halisi, na msichana, binadamu pekee katika shule nzima, anaishi pangoni na kujitafutia chakula porini. Unaanza ukicheka, unamaliza njia fupi moja baada ya nyingine, na ukishazikusanya za kutosha mchezo unakufungulia sehemu iliyofichwa, ndefu na ya giza, inayoeleza kwa nini binadamu amebaki huyo mmoja tu. Hifadhi mchezo kabla ya kila swali, na njia ya daktari wa shule iache mpaka usiku ambao hauko peke yako.