Slagi ya chuma sokoni: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha kiwandani

Wauzaji wa slagi, yaani masalia yanayotengana na chuma kikiyeyushwa tanurini, wana sifa moja wanayoirudia, kwamba bidhaa yao inatunza mazingira. Ni kweli, ila mjenzi haimsaidii sana. Zipo bidhaa kadhaa zinazouzwa kwa jina hilo hilo, na inayofaa nguzo za gati baharini sio inayofaa chini ya sakafu ya nyumba. Kabla ya kuuliza bei, uliza mambo mawili: imetoka tanuri gani, na ilipozwaje.

Ya kwanza kwa ubora, na kwa mbali, ni unga wa slagi ya tanuri la upepo, yaani tanuri linaloyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki. Kila tani ya chuma kinachotoka humo huacha kilo 250 hadi 300 hivi za slagi. Ikipigwa maji mengi kwa nguvu ingali inatiririka, haipati muda wa kujipanga kuwa fuwele. Inakuwa chembe kama mchanga, na ndani yake ni kioo. Kioo hicho kikisagwa ndicho kinachofanya kazi ya saruji, kikiamshwa na chokaa inayotokana na saruji yenyewe. Slagi hiyo hiyo ikimwagwa shimoni na kupoa taratibu hugeuka jiwe. Itafaa kwa kokoto, lakini hata ukiisaga laini namna gani haitashika. Emil Langen wa Ujerumani aligundua uwezo wa slagi iliyopozwa kwa maji mwaka 1862, kwa hiyo anayekuambia ni teknolojia mpya anakuuzia maneno.

Mtake muuzaji karatasi ya maabara. Kiwango cha Ulaya EN 15167-1 kinataka kioo kisipungue theluthi mbili ya uzito (unga mzuri huvuka 90%), usagaji usiopungua mita za mraba 275 kwa kilo, na nguvu ya mchanganyiko wa slagi na saruji nusu kwa nusu ifikie angalau 45% ya ile ya saruji tupu siku ya 7, na 70% siku ya 28. Asiye na namba hizo, mpite.

Kwa mita moja ya ujazo ya zege la nguzo na mihimili, hesabu ya kuanzia ni kilo 350 za viunganishi: saruji 175, unga wa slagi 175, ambayo ni mifuko mitatu na nusu ya kilo 50 kwa kila kimoja. Maji yasizidi lita 160, ukijumlisha na yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Zege hili huteleza vizuri kuliko la saruji tupu, na hapo ndipo fundi anapozoea kuongeza maji bila haja. Kwa misingi minene au kazi ya maji ya chumvi unaweza kupandisha slagi hadi 70%. Kwa jamvi jembamba linalotakiwa kukanyagwa mapema, bakia 30%.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni saruji inayotumika pamoja nayo. Mifuko mingi ya daraja la 32.5 madukani Kenya na Tanzania tayari imechanganywa na pozolana (kama majivu ya volkano) au chokaa ya mawe. Soma mfuko, utakuta CEM II au CEM IV. Ukiongeza slagi 50% juu ya hapo, saruji halisi inabaki kidogo mno na zege halifiki nguvu. Tumia CEM I 42.5, ambayo haijachanganywa, au nunua saruji iliyochanganywa slagi kiwandani: CEM III/A ina slagi 36 hadi 65%, CEM III/B ina 66 hadi 80%.

Udhaifu wake ni uvivu wa siku za mwanzo. Joto la pwani linausaidia sana, kwa kuwa slagi huchangamka kadiri kunavyopata moto, lakini nguzo za kushikilia zege zisitolewe kwa kalenda ya saruji ya kawaida. Tengeneza vipande vya majaribio na uvivunje kwanza. Kumwagilia ni siku 7 kamili kwa uchache, chini ya magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni. Ukiacha siku ya pili, uso utakuwa unatoa vumbi na hewa ya ukaa itaingia haraka kuelekea kwenye nondo. Jambo jingine linalowatisha watu bure: ukivunja zege changa la slagi, ndani lina rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Ni misombo ya salfa, na hufifia ikipigwa na hewa.

Faida yake kubwa ni kuzuia chumvi isifike kwenye nondo. Ukuta wa kuzuia mawimbi wa Oosterschelde, Uholanzi, uliofunguliwa mwaka 1986, ulijengwa kwa saruji yenye slagi nyingi. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja hoja hiyo ina uzito kuliko ya hewa ukaa, ingawa nayo si ndogo: tani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hutoa takribani kilo 800 au zaidi za hewa hiyo, na kusaga tani ya slagi hakufiki hata sehemu moja ya kumi. Kasoro ni upatikanaji. Viwanda vingi vya chuma vya Afrika Mashariki huyeyusha chuma chakavu, kwa hiyo unga huu kwa kawaida huja kwa meli, na katika baadhi ya nchi matanuri ya upepo yanafungwa. Port Talbot, Uingereza, ilizima tanuri lake la mwisho la upepo tarehe 30 Septemba 2024.

Daraja la pili ni kokoto za slagi ya tanuri la oksijeni (linalogeuza chuma cha tanuri la upepo kuwa chuma cha pua kwa kupuliziwa oksijeni) na ya tanuri la tao la umeme (linaloyeyusha chakavu kwa cheche za umeme). Ngumu, zina kona, haziwi telezi chini ya matairi. Kwa lami ya juu ya barabara zinashinda kokoto nyingi za kawaida. Hazira, karibu na Surat nchini India, kipande cha barabara ya njia sita kilijengwa kwa slagi iliyochakatwa na kuanza kutumika mwaka 2022, katika eneo la viwanda lenye malori mazito.

Tatizo ni chokaa ambayo haikuungana na kitu, hasa katika slagi ya oksijeni. Ikikutana na maji huvimba hadi kukaribia ujazo maradufu, na magnesia (oksidi ya magnesiamu) hufanya hivyo hivyo kwa kuchelewa zaidi. Ndiyo sababu rundo linapaswa kuvunjwa vipande vidogo, kulowanishwa na kugeuzwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa. Rundo kubwa lililolala tu mvuani hukomaa ganda la nje, katikati bado ni bichi. Dai matokeo ya jaribio la mvuke la EN 1744-1: daraja V3.5 maana yake kuvimba hakuzidi 3.5%. Hata yenye cheti hicho isiwekwe chini ya sakafu, nyuma ya ukuta au ndani ya zege la nondo. Isizunguke mabomba ya kutolea maji pia, maana maji yake makali yakikutana na hewa huacha gamba jeupe linaloziba matundu, na yakifika kisimani au bwawani ni balaa kwa samaki. Kataa mzigo wenye unga mweupe mwingi. Huenda umechanganywa na slagi ya ndoo ya kusafishia chuma, ambayo husambaratika yenyewe ikipoa.

Halafu uzito. Jiwe la slagi hii lina tani 3.3 hadi 3.6 kwa mita ya ujazo, granaiti ina kama 2.65. Ukinunua kwa tani, unapata ujazo pungufu kwa karibu robo, na lori litafika kikomo cha mizani kabla halijajaa.

Slagi ya tanuri la induksheni, linaloyeyusha chakavu kwa koili ya umeme, ndiyo inayopatikana karibu nasi na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi. Kuta za tanuri hilo kwa kawaida ni za silika, na slagi yake kwa sehemu kubwa ni silika na oksidi za chuma, chokaa kidogo. Haivimbi kama ile ya oksijeni. Lakini haishiki kama saruji, hivyo anayeisaga na kuiuza kama mbadala wa saruji anadanganya au hajui. Itumie kujaza tabaka la chini la barabara za ndani na maegesho, au kwenye tofali za saruji kwa kubadilisha nusu ya kokoto. Ivunjwe hadi chini ya milimita 40 na ipitishwe kwenye sumaku mara mbili. Kiwanda kinarudishiwa chuma chake, na tofali hazitatoa madoa ya kutu wala kubanduka uso. Ubora hubadilika siku kwa siku kulingana na chakavu kilichoingia (rangi, mabati, vumbi la udongo), kwa hiyo kipimo cha metali zinazochuruzika kifanywe kwa kila shehena.

Vumbi la vichujio vya moshi wa matanuri ya chakavu lisinunuliwe kwa ujenzi kabisa. Lina zinki itokayo kwenye mabati, pamoja na risasi na kadmiamu. Marekani imeliorodhesha lile la matanuri ya umeme kuwa taka hatari kwa namba K061. Linafaa kwenda kwenye tanuri linalozunguka la Waelz, ambako zinki huvukizwa na kukusanywa. Anayelitia kwenye tofali au kuliuza kama mbolea ya zinki anasambaza risasi.

Magamba ya chuma yanayobanduka chuma cha moto kikipitishwa kwenye rola za kukinyoosha ni biashara safi zaidi ya zote: yana chuma kama 70%, na viwanda vya saruji huyahitaji kurekebisha chuma katika malighafi ya klinka. Kagua mafuta tu. Magamba makavu ya vipande hayana shida; tope laini la kwenye mashimo ya maji ya rola lina grisi inayoharibu vichujio vya moshi, basi lipimwe na kulipiwa bei yake mbali.